Je, wajua yule bata bukini mdogo kwenye kundi wala sio mtoto?

Ukiishi Marekani au Kanada hawa bata bukini unawajua tu, wamejaa kila bustani na kila uwanja wa gofu, shingo nyeusi, mwili kahawia, na ule weupe unaopita chini ya kidevu utadhani kamba ya helmeti ya bodaboda. Sasa ikifika Novemba, hasa pande za Denver, simama pembeni ya ziwa uangalie vizuri, katikati ya kundi utaona wengine wadogo, rangi ileile, weupe uleule, na watu wengi wanasema hao ni watoto. Si watoto jamani. Vifaranga wanaanguliwa baridi ikiisha, na ndani ya miezi miwili mitatu wanakaribia saizi ya mama yao, kwa hiyo Novemba huwezi kukuta mtoto wa saizi ile.

Hiyo ni spishi nyingine kabisa, Branta hutchinsii, kwa Kiingereza anaitwa Cackling Goose. Zamani wote walihesabiwa kitu kimoja, Branta canadensis, mpaka 2004 wataalamu wa ndege wa Marekani wakawatenganisha, jina hilo likabaki kwa wale wakubwa. Hawa wadogo wanazaliana kule juu kwenye tundra ya Aktiki, yaani nyanda za baridi kali zisizo na miti, na wanashuka kusini kukimbia baridi, ndo maana kiangazi mjini huwaoni.

Mi nakushauri anza na mdomo, rangi achana nayo kwanza, maana wapo wenye kifua cha kahawia iliyokolea, wapo wenye kifua cha kahawia hafifu, na ile pete nyeupe chini ya shingo hata baadhi ya wakubwa wanayo. Mkubwa mdomo wake mrefu, unateremka moja kwa moja kutoka kwenye paji la uso. Mdogo ana kijimdomo kifupi kama kipembetatu, paji limesimama, kichwa cha mviringo, ukishamwona mara moja kwa darubini humsahau.

Shingo inadanganya, kukiwa na baridi wote wanaikunja. Subiri mbwa apite, wakinyanyua vichwa kwa pamoja hapo ndo uangalie haraka, ya mkubwa inapanda juu ndefu, ya mdogo inaishia mapema. Na wakiruka sikiliza, mkubwa analia kama honi nzito, mdogo sauti yake nyembamba ya juu.

Saizi nayo usiipime akiwa peke yake, tafuta wa kumlinganisha naye. Wale wadogo kabisa wanaozaliana Alaska wana kama kilo moja na nusu tu, mkubwa anaweza kuzidi kilo 5.

Kazi ipo kwa wale wa saizi ya katikati, nususpishi iitwayo parvipes upande wa wakubwa na nyingine iitwayo taverneri upande wa wadogo, hapo hata waliozoea miaka na miaka wanabaki wanabishana. eBird, ile app ya kurekodi ndege, imeweka kabisa chaguo la kuandika ni mmojawapo kati ya spishi hizi mbili, mkubwa au mdogo, na akiwa mbali kainamisha kichwa anakula majani, mi naandika hilohilo.