Risasi shuleni, simu mkononi: tunayoambizana na yaliyotokea kweli

Kundi letu la WhatsApp lina wazazi tuliotoka Bukavu, Uvira, Tanga na Mombasa, na watoto wetu wote wanasoma katika mji mmoja wa Ohio, Marekani. Siku za kawaida ni kundi la michango ya harusi na misiba, na la kuulizana nani ana unga wa muhogo. Asubuhi moja ukaingia ujumbe wa sauti wa sekunde 14, mama anahema: "Bamama, ku masomo kuko mutu na bunduki! Mukimbie mukabebe batoto!" Kabla sijamaliza kufunga kamba za viatu nilikuwa nimeupata mara nne, kutoka kwa watu wanne, ukiwa na ile mishale miwili ya ujumbe uliozungushwa sana. Kumbe kuna mtoto alikuwa ameandika tishio kwenye mlango wa choo, walimu wakafunga madarasa, polisi wakakagua, basi. Bunduki haikuwapo.

Jioni kundi liligawanyika. Wapo waliosema mitandao itatuua kwa presha, wapo waliosema bila mitandao tusingejua kitu. Tangu hapo nimekuwa nikizifuatilia kesi za Marekani moja baada ya nyingine, na naona pande zote mbili zimeshikilia mambo ambayo ukiyaweka kando ya matukio hayasimami.

Dhana: Siku hiyo mitandaoni ni uongo mtupu

Chukua Virginia Tech, chuo kikuu cha Marekani, tarehe 16 Aprili 2007. Risasi za kwanza zilipigwa bwenini kama saa 1:15 asubuhi, wakauawa wanafunzi wawili. Barua pepe ya kwanza ya chuo kwa wanafunzi ilitoka saa 3:26. Robo saa baadaye mshambuliaji alikuwa akipiga risasi ndani ya Norris Hall, jengo la madarasa, na hadi anajiua alikuwa ameua watu 32.

Wanafunzi hawakukaa kungoja tangazo. Walifungua kundi la Facebook kwa kazi moja tu, mtu kuandika kwamba yeye ni mzima. Kisha wakageukia wasiojibu: huyu yuko hospitali, yule mwenzake wa chumba hajamwona tangu asubuhi, mwingine wazazi wake wameshaambiwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, wakiwamo Sarah Vieweg na Leysia Palen, walizipitia orodha hizo baadaye. Hakuna orodha iliyokuwa peke yake na majina yote 32, ila zikiunganishwa yalitimia, tena kabla chuo hakijayatangaza. Na hawakukuta jina hata moja lililowekwa kimakosa.

Hapo nilirudi kusoma mara ya pili. Maelfu ya vijana wenye hofu, hakuna msimamizi, na hakuna aliye hai aliyezikwa mtandaoni. Siri yao ilikuwa ukali. Ukileta jina unaulizwa umelipata wapi, na wewe ni nani kwake.

Dhana: Muuaji hujulikana mtandaoni kwanza, polisi wanaficha tu

Siku hiyohiyo, kwenye intaneti hiyohiyo, kijana mwingine aliyesoma chuo kile alitangazwa kuwa ndiye muuaji. Kosa lake lilikuwa kuwa na asili ya Asia kama alivyotajwa mshambuliaji, na kuwa na picha alizopiga na bunduki zake. Vitisho vya kumuua vikammiminikia mtu ambaye hakumgusa yeyote.

Newtown, Connecticut, tarehe 14 Desemba 2012, walipouawa watoto 20 na watu wazima 6 katika shule ya msingi ya Sandy Hook, jina lililotangulia kutajwa, hadi kwenye televisheni kubwa, lilikuwa la kaka yake muuaji. Picha yake ya Facebook ilizagaa duniani huku yeye akiwa ndani ya basi anarudi nyumbani, akiandika kwamba si yeye, alikuwa kazini. Uvalde, Texas, mwaka 2022, baada ya mauaji ya shuleni, zilirushwa picha za watu wasiohusika kabisa eti ndio muuaji, na mjumbe mmoja wa Congress akazidaka na kuurudia uongo ule.

Kwa nini watu walewale wapatie orodha ya marehemu na wakosee jina la muuaji? Ukiuliza "rafiki yangu yuko wapi", yupo mtu mwenye jibu: aliyelala naye chumba kimoja, aliyemwona akitoka. Ukiuliza "nani kafyatua", saa ile karibu hakuna ajuaye, lakini kila mtu ana picha ya kuleta.

Dhana: Heri kusambaza kuliko kujuta

Hii ndiyo kauli ya kundini kwetu, na nilikuwa naiamini. Desemba 2021 ulizuka uvumi kwamba tarehe 17 ya mwezi ule kungekuwa na mashambulizi katika shule nchi nzima, eti yametangazwa TikTok. Mamlaka za usalama zilisema hazina taarifa ya tishio lolote la kuaminika. TikTok ilisema imetafuta na haikukuta video za vitisho hivyo. Ilichokuta ni video za watu wanaotahadharishana. Yaani onyo lilijizaa lenyewe. Hata hivyo kuna shule zilizofungwa siku hiyo, na kuna wazazi waliokosa zamu ya kazi kwa ajili ya kitu ambacho hakuna aliyeweza kuonyesha kilianzia wapi.

Dhana: Mpigie mtoto mpaka apokee

Usimpigie. Mtoto aliyejificha chini ya dawati anafundishwa kuzima sauti ya simu, na hata mtetemo kwenye sakafu unasikika. Ujumbe mmoja mfupi wa maandishi unatosha, na asipojibu usidhani ndiyo habari.

Dhana: Tungoje wakubwa waseme, wao ndio wenye ukweli

Laiti. Tarehe 24 Mei 2022 kijana mwenye bunduki aliingia shule ya msingi ya Robb huko Uvalde kabla ya saa 6 mchana. Ukurasa wa Facebook wa shule za wilaya uliandika saa 6:17 kwamba kuna mshambuliaji shuleni. Kesho yake wakubwa walisimama mbele ya kamera wakisifu ushujaa wa polisi. Lakini wazazi waliokuwa nje ya uzio walikuwa wamerekodi: akina mama wanapiga kelele, akina baba wanasukumwa nyuma na haohao polisi, na ndani hakuna anayeingia. Video hizo zikaenea, maswali yakazidi, na maelezo ya serikali yakabadilika siku baada ya siku, mpaka mkuu wa usalama wa jimbo akakiri kwamba kungoja kulikuwa uamuzi mbaya. Mshambuliaji alikaa dakika 77 kabla hawajamfikia. Watoto 19 na walimu 2 walikufa. Kamati ya bunge la Texas ilihesabu maofisa 376 waliofika pale.

Angalia tena ni nani aliyekuwa sahihi: mzazi aliyeonyesha alichokiona kwa macho yake, akiwa amesimama mahali panapojulikana.

Dhana: Wauaji hutangaza hadharani, kampuni zinapuuza

Gavana wa Texas alisema kijana wa Uvalde aliandika mpango wake Facebook. Kampuni ikaeleza kwamba ulikuwa ujumbe wa faragha, mtu kwa mtu, na ulionekana baada ya mauaji. Aliyekuwa akiupokea ni msichana aliye Ujerumani.

Lakini mara nyingi kuna mtu aliyejua kabla. Uchunguzi wa Secret Service, idara inayolinda marais, na wizara ya elimu ya Marekani juu ya mashambulizi 37 ya shuleni, kati ya 1974 na 2000, ulikuta kwamba katika asilimia 81 angalau mtu mmoja alikuwa na habari ya mpango. Wakati huo hakukuwa na TikTok wala Instagram, na bado mdomo haukufungika. Tatizo ni habari inapelekwa wapi. Kabla ya mauaji ya watu 17 huko Parkland, Florida, tarehe 14 Februari 2018, kuna mtu aliyeona maoni chini ya video yake ya YouTube, ya mtu anayesema atakuwa mpiga risasi wa shule wa kitaalamu, akaripoti FBI. Januari 2018 mtu mwingine akapiga simu kumtaja kijana huyo kwa jina. Taarifa haikufika ofisi ya FBI ya Miami, iliyopaswa kuifuatilia, na FBI yenyewe ilikiri hivyo siku mbili baada ya mauaji.

Dhana: Hayo ni ya Wamarekani

Ni kweli chanzo si kimoja. Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, tarehe 2 Aprili 2015, lilikuwa shambulio la al-Shabaab. Ila simu zilifanya kazi ileile. Picha ya darasa lililojaa damu na miili ilizunguka Kenya nzima, na kuna wazazi waliokuwa bado hawajui habari za watoto wao. Kisha Wakenya wakafanya jambo ambalo hadi leo naliheshimu: chini ya alama #147NotJustANumber, yaani 147 si namba tu, wakaanza kuweka picha za wanafunzi wakiwa hai, wamevaa vizuri, wanacheka, na majina yao. Hesabu ya serikali ya waliouawa ilipanda baadaye ikawa 148, lakini alama ilibaki na namba yake ya kwanza.

Dhana: Uvumi hufa wenyewe

Mwulize mzazi wa Sandy Hook. Alex Jones, mtangazaji wa Marekani, alisema kwa miaka kwamba mauaji yale yalikuwa maigizo, na wafuasi wake wakawaandama wazazi waliozika watoto wa miaka sita na saba. Ilichukua hadi mwaka 2022 mahakama za Texas na Connecticut kumtaka alipe jumla ya karibu dola bilioni 1.5. Na baada ya Parkland haikupita hata wiki nzima, video iliyodai kwamba mwanafunzi aliyenusurika ni mwigizaji wa kukodiwa ikapanda hadi namba moja kwenye video zinazovuma za YouTube.

Wetu ulikuwa mdogo, wa sekunde 14. Wiki mbili baadaye, usiku wa manane, simu ililia. Dada yangu wa Kigoma alikuwa ametumiwa sauti ya yule mama kutoka kundi la kanisa, na alitaka nimpe watoto mmoja mmoja waongee, ahakikishe wote wapo.