Viwango vya masharti: saa moja ya kazi, hesabu mbili

Kiwango cha masharti ni kiwango cha fedha kinachotumika pale tu sharti fulani linapotimia: usiku umeingia, saa za kawaida zimekwisha, au siku ni ya sikukuu. Kwenye programu za kampuni zinazopeleka wafanyakazi kwa wateja, kila sharti lina pande mbili. Kuna malipo, yaani anachopata mfanyakazi, na kuna ankara, yaani anachotozwa mteja. Mara nyingi pande hizi huwekwa sehemu tofauti za programu, na hapo ndipo wengi tunapoumia.

Tuchukue mfano wa Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mfanyakazi wa usafi ana mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 kwa mwezi, kwa saa 45 za kazi kila wiki. Ukigawa kwa 4.333 unapata wiki, ukigawa tena kwa 45 unapata saa: shilingi 2,000 hivi. Saa za kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi huongezewa angalau asilimia 5, zinakuwa 2,100. Ovataimu ni mara moja na nusu, 3,000. Sikukuu, au siku yake ya mapumziko ya wiki, ni mara mbili: 4,000.

Ovataimu ikiangukia usiku je? Sheria inasema ile asilimia 5 ipigwe juu ya kiwango cha ovataimu, kwa hiyo ni 3,150. Programu inayojumlisha nyongeza zote juu ya mshahara wa msingi itatoa 3,100. Nyingine husoma sharti la kwanza lililotimia na kuyaacha yaliyobaki, basi mtu anaambulia 3,000, au hata 2,100. Shilingi 50 inaonekana ndogo ukiwa umekaa ofisini, lakini ni ya mtu aliyepiga deki hadi alfajiri, na sheria imempa. Kwa hiyo kabla ya kuandika sharti lolote, tafuta mahali programu inapopanga kipaumbele, na uone kama nyongeza inapigwa juu ya msingi au juu ya kiwango kilichokwisha kuongezwa.

Kingine ni zamu inayovuka usiku wa manane. Mtu ameingia saa 4 usiku tarehe 13 Oktoba, ametoka saa 12 asubuhi tarehe 14, Siku ya Nyerere. Saa mbili ni za usiku wa kawaida, sita ni za sikukuu. Programu isiyokata zamu katikati huangalia tarehe ya kuingia tu, na zile saa sita zinapotea. Idd nayo hutegemea mwandamo wa mwezi, hivyo kalenda ya sikukuu lazima awepo mtu wa kuirekebisha usiku huohuo.

Kila kiwango pia kipewe tarehe ya kuanza. Kima cha chini kipya cha sekta binafsi kilipoanza tarehe 1 Januari 2023, mahudhurio ya Desemba yaliyoingizwa kwa kuchelewa yalipaswa kubaki na kiwango cha zamani.

Sasa upande wa ankara. Tuseme mteja hutozwa 2,700 kwa saa, na hiyo tofauti ya 700 ndiyo inayobeba mchango wa mwajiri wa NSSF, sare na msimamizi. Kampuni moja niliyofanyia kazi iliweka sharti la sikukuu upande wa malipo peke yake. Nane Nane ikafika. Watu 12 wakafanya kazi saa 8 kila mmoja, wakalipwa 4,000 kwa saa kama inavyotakiwa, na ankara ikatoka kwa 2,700. Shilingi 124,800 zikaenda kwa siku moja. Tulipomwendea mteja, alifungua mkataba na kutuonyesha kwamba haukuwa na neno lolote kuhusu sikukuu. Alikuwa sahihi. Kiwango cha ankara huanzia kwenye mkataba, ndipo kiingie kwenye programu.

Tangu siku ile, kabla ya kuwasha sharti jipya, namtengenezea mfanyakazi wa majaribio zamu ile ya Oktoba 13, napiga hesabu kwa kalamu, kisha naweka hati ya mshahara na ankara pamoja mezani. Nikiona 2,100 mara mbili na malipo ya sikukuu mara sita, na saa hizohizo zimegawanywa vilevile kwenye ankara kwa viwango vya mkataba, ndipo nawasha.