Muktadha hudai, haupambi

"Kwa muktadha huo." Nimeikuta mara nne katika insha moja ya kurasa tatu ya mwanafunzi juu ya tamthiliya ya Kinjeketile, na mara zote nne mwandishi wake alikusudia "kwa hiyo". Insha ilikuwa imeanza na aya nene chini ya kichwa "Muktadha wa Kihistoria": mtunzi alizaliwa wapi, akasoma wapi, nchi ikatawaliwa na nani mpaka lini. Baada ya hapo aya ile haikuguswa tena. Ningeikata kwa mkasi, insha isingelia.

Fasili tuimalize upesi. Muktadha ni hali inayoifanya kauli iwe na maana iliyo nayo na si nyingine. Wa kihistoria ni mambo ya wakati kazi ilipotungwa na kupokewa. Wa kifalsafa ni swali ambalo watu wamelibishania kwa muda mrefu, na kazi ikajitosa katika ubishi huo kwa njia yake. Anayesoma fasihi katika madarasa ya juu ya sekondari ameshalisikia hilo.

Asilolisikia ni neno lenyewe. Tumelipata kwa Waarabu, nalo lina ndugu ambao tunakaa nao kila siku bila kujua kwamba ni ukoo mmoja: kadhi anayehukumu, kadhia inayofikishwa mbele yake, na kukidhi haja. Ukoo wote huo ni wa kutimiza na kukata shauri. Muktadha ndani yake ni kile kinachodaiwa. Wanabalagha wa Kiarabu, yaani wataalamu wa ufasaha wa lugha, waliueleza ufasaha kuwa ni kauli kuafikiana na muktadha wa hali, yaani na kile ambacho hali inakitaka. Mfano wao ni mwepesi. Mtu asiyejua lolote unamwambia tu "Mgeni amefika". Anayesitasita unamtilia mkazo kidogo. Anayekataa katakata, hali yake inakudai kiapo: "Wallahi, mgeni amefika." Habari ni ileile, ila sura ya sentensi imebadilishwa na aliyesimama mbele yako.

Nasi jina hilo tumeipa hali yenyewe inayodai, kwa hiyo kwetu muktadha ni mdai. Ukisema umeuona muktadha, tunakutazamia utuonyeshe deni: ni kitu gani katika kazi hii kimekuwa hivi kwa sababu hali ilidai kiwe hivi? Aya nene ya mwanzo haionyeshi deni lolote. Hiyo ni usuli, yaani habari za asili na chimbuko. Usuli una kazi yake, lakini tuuite kwa jina lake. Na wapo wanaochanganya muktadha na mandhari, kosa ambalo kwangu ni baya zaidi kwa kuwa linafanana sana na jibu sahihi.

Chukua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Mwanafunzi anaandika kwa bidii juu ya Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, Wajerumani, mashamba ya pamba, Kinjeketile na maji yake yaliyoaminiwa kugeuza risasi kuwa maji. Yote kweli. Lakini hiyo ni mandhari, mahali na wakati hadithi inapotokea. Tamthiliya ilichapishwa 1969, miaka minane baada ya uhuru wa Tanganyika na miwili baada ya Azimio la Arusha. Muktadha uanzie hapo. Na mtunzi mwenyewe amekwisha kutuonya kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni, si nakala ya yule wa historia, kwa hiyo anayemsahihisha kwa kitabu cha historia anampiga mtu asiyekuwepo.

Sasa tazama mwisho wa mchezo. Kinjeketile yuko mikononi mwa Wajerumani, amepigwa, na anatakiwa aseme jambo moja tu: kwamba maji yalikuwa uongo. Yeye mwenyewe imani yake imeshatikisika. Bado anakataa, kwa hoja kwamba akikana leo, kesho watoto wataambiwa kuwa kupigania nchi kulikuwa kosa. Ukisoma kwa macho ya 1905 peke yake, utauona ukaidi wa shujaa na utaishia hapo. Ukikumbuka kwamba mwaka 1969 watoto hao ndio waliokaa kwenye viti vya watazamaji, wana nchi mpya na wanatafuta wa kumwita babu, utaona ni nani aliyeidai sentensi ile. Hapo tarehe imefanya kazi.

Falsafa nayo huingizwa kwa mlango huohuo mbaya: "mtunzi ameathiriwa na udhanaishi" (falsafa ya mtu kujichagulia maana ya maisha yake), nukta. Ameathiriwa lini, na nani kasema? Katika mchezo huohuo mna wazo kwamba mtu huzaa neno, neno likakua, likamshinda nguvu na kumtawala aliyelizaa. Anayemjua mwanafalsafa Ludwig Feuerbach atashtuka, kwani mwaka 1841 Mjerumani huyo aliandika kwamba binadamu humuumba mungu kutokana na sifa zake mwenyewe, kisha akapiga magoti mbele ya alichokiumba. Je, Hussein alilitoa wazo lake huko? Insha haihitaji kudai hivyo, na isidai. (Ni kweli alikwenda kusoma Berlin ya Mashariki, lakini ni katika miaka ya 1970, mchezo ukiwa umeshachapwa. Wapenda athari huwa hawakagui kalenda.) Inatosha kusema kuwa swali ni moja, kisha uonyeshe majibu yanapoachana. Kwa Feuerbach, kuijua siri, kwamba tunachokipigia magoti tumekiumba wenyewe, ni kufunguliwa. Kinjeketile anaijua siri, na bado anachagua kulilinda neno, maana limeshakuwa mali ya wengine. Tofauti hiyo ndiyo inayostahili aya nzima.

Mwenye insha ya kurasa tatu sikumwandikia haya yote. Pembeni mwa aya yake ya kwanza niliandika: "Hii ni usuli. Ifute, ila usiutupe mwaka 1905. Uhamishie kwenye aya ya nne, pale Kinjeketile anapokataa, uweke 1969 kando yake, kisha uniambie kwa nini anawataja watoto." Na zile "kwa muktadha huo" nne nikazigeuza "kwa hiyo" kwa penseli, ili akitaka kuzirudisha aweze.