Yuda naye alijuta

Waombe wanafunzi wa mwaka wa kwanza waandike kwa sentensi moja Yesu alihubiri nini Galilaya. Wengi wataandika: "Tubuni dhambi zenu." Hawajakosea sana, ila wameanzia katikati. Marko, ambaye hana subira na maneno mengi, ametuwekea mahubiri yote katika mstari mmoja: "Wakati umetimia, na ufalme wa Mungu umekaribia, tubuni, na kuiamini Injili" (Marko 1:15). Nusu ya kwanza ya mstari huo haikudai ufanye chochote. Inakupasha habari tu. Amri zinakuja baadaye, nazo zimejengwa juu ya habari hiyo.

Nafundisha Agano Jipya, na huu mpangilio ndio jambo ninalolirudia darasani mpaka wanafunzi wananichoka. Mfalme anatangazwa kwanza, kisha watu wanaitwa watubu na waamini. Ukimwondoa Mfalme pale mbele, toba inabaki kuwa majuto, na imani inabaki kuwa maoni ya mtu kuhusu dini.

Tazama Marko anavyoianza habari yenyewe: "baada ya Yohana kutiwa gerezani." Aliyemfunga Yohana Mbatizaji ni Herode Antipa, mtawala wa Galilaya. Baba yake, Herode Mkuu, alikuwa na cheo cha mfalme alichopewa na Warumi. Mwana aliambulia sehemu ya nchi na cheo kidogo, na hilo lilimkaa rohoni. Mwaka 39 alikwenda Rumi, mkewe Herodia akimsukuma, kuomba aitwe mfalme. Badala ya taji alivuliwa hata kile alichokuwa nacho, akapelekwa uhamishoni Galia (Ufaransa ya leo). Sasa, katika nchi ya mtu mwenye njaa ya namna hiyo ya ufalme, mhubiri mmoja akiwa tayari yuko gerezani, anasimama mwingine na kusema hadharani kwamba utawala wa Mungu umekaribia. Hayo hayakuwa maneno ya kuburudisha nafsi.

Waliomsikia walikuwa na Maandiko yao vichwani. Walijua ahadi aliyopewa Daudi katika 2 Samweli 7, kwamba kiti chake cha enzi kitathibitishwa milele. Waliimba Zaburi ya 2, ambamo wafalme wa dunia wanafanya shauri juu ya Bwana na masihi wake, na Mungu anajibu kwa kumweka mfalme wake juu ya Sayuni. Walimjua yule mjumbe wa Isaya 52 anayekuja mbio juu ya milima na kuuambia Sayuni, "Mungu wako anamiliki!" Kwa hiyo Yesu aliposema wakati umetimia, hakuhitaji kuwaeleza ni wakati gani.

Basi kutubu mbele ya tangazo kama hilo ni kufanya nini? Kuna kisa kimoja ambacho huwa nakitumia, cha miaka thelathini na kitu baada ya Yesu, kutoka Galilaya hiyo hiyo. Josephus, mwanahistoria Myahudi, alikuwa kamanda huko wakati vita na Rumi vinaanza. Anasimulia katika habari za maisha yake kwamba mkuu mmoja wa wanyang'anyi, naye akiitwa Yesu (jina hilo lilikuwa la kawaida kabisa), alikodiwa aje kumshambulia. Josephus alimtega, akamkamata, akamvuta kando. Akamwambia kwamba hila yake anaijua, lakini yuko tayari kumsamehe ikiwa atatubu na kuwa mwaminifu kwake. Yule bwana akakubali, akaachiliwa.

Hakuna aliyemwomba alie. Aliombwa aache mpango wake na ajiweke upande wa yule aliyekuwa anamwinda. Sidai kwamba Josephus na Yesu wa Nazareti walikuwa na ajenda moja. Lakini kisa hiki kinatuonyesha maneno hayo mawili, kutubu na kuwa mwaminifu, yalivyosikika midomoni mwa watu wa Galilaya: ulikuwa na njia yako, mipango yako, bwana wako; sasa yupo mwenye mamlaka mbele yako, na anakutaka uiache njia hiyo na umtegemee yeye.

Hapa ndipo Yuda Iskariote, mwanafunzi aliyemsaliti Yesu kwa fedha, ananisumbua kuliko mtu mwingine yeyote katika Injili. Soma Mathayo 27 polepole. Alipoona Yesu amehukumiwa, Yuda alijuta. Akarudisha vile vipande thelathini vya fedha. Akakiri kwa kinywa chake, "Nalikosa nilipoisaliti damu isiyo na hatia." Pima hayo kwa orodha yoyote ya hatua za toba iliyowahi kuandikwa ubaoni. Huzuni ipo. Maungamo yapo, tena bila kujitetea wala kumsingizia mtu. Malipo ya kurudisha alichochukua kwa ubaya yapo. Hata msimamo wake juu ya Yesu ni sahihi: hana hatia. Ukimpa mtihani wa makaratasi, Yuda anafaulu.

Lakini angalia alipeleka wapi majuto yake. Aliyapeleka kwa makuhani wakuu, nao wakamjibu, "Basi, haya yatupasani sisi? Yaangalie haya wewe mwenyewe." Ndilo jibu pekee wanaloweza kutoa watu wasio na mamlaka ya kusamehe. Akatoka na mzigo wake ule ule, akaenda kujinyonga.

Petro alianguka usiku ule ule. Alimkana Bwana wake mara tatu, tena kwa kuapa. Machozi yake yalikuwa machungu, lakini hatusomi kwamba yalikuwa machungu kuliko ya Yuda, na binafsi siamini hivyo. Tofauti ni kwamba Petro alibaki karibu. Katika Yohana 21, alipoambiwa kwamba aliyesimama ufuoni ni Bwana, alijitupa baharini amfikie kabla ya chombo. Pale ufuoni hakuulizwa kama amehuzunika vya kutosha. Aliulizwa mara tatu, "Wanipenda?" na kila mara akapewa kazi: lisha, chunga, lisha. Paulo baadaye aliandika kwamba huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu hufanya toba liletalo wokovu, na huzuni ya dunia hufanya mauti (2 Wakorintho 7:10). Sijui mfano wa mstari huo ulio wazi kuliko hawa wawili.

Kwa hiyo nikisikia mahubiri yanayojitahidi tu kuwafanya watu wajisikie vibaya, nafsi yangu inakunjamana. Kujisikia vibaya ni rahisi. Swali ni unamgeukia nani.

Imani nayo inahitaji kusemwa hivyo hivyo. Mistari michache tu baada ya lile tangazo, katika sinagogi la Kapernaumu, mtu mwenye pepo mchafu anapaza sauti, "Nakutambua u nani, Mtakatifu wa Mungu." Ndiye wa kwanza katika simulizi ya Marko kumtambua Yesu kwa usahihi katikati ya watu, na ni pepo! Theolojia yake haina kasoro. Yakobo naye anasema mashetani huamini na kutetemeka. Kukubali kwamba habari fulani ni za kweli ni mlango. Wako wanaosimama mlangoni miaka yote na kujiita wenyeji. Kumwamini mfalme ni kuishi kana kwamba neno lake litasimama, hata pale ambapo kulifuata kunakugharimu. Yesu mwenyewe aliuliza swali ambalo halijazeeka: "Na kwa nini mnaniita, Bwana, Bwana, walakini hamyatendi nisemayo?"

Luka anapenda kuonyesha gharama hiyo kwa kazi ya kila mtu. Watu walipomwuliza Yohana Mbatizaji, "Tufanye nini basi?" hakuwapa jibu moja la jumla. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Watoza ushuru wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari wasidhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, na watosheke na mshahara wao. Utaona kwamba kila mmoja ameguswa pale pale ambapo cheo chake kilimpa nafasi ya kuwaonea wengine. Zakayo, mkuu wa watoza ushuru aliyeahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu, ni hivyo hivyo. Torati ilimtaka mtu aliyekiri kosa lake arudishe mali yote na kuongeza sehemu ya tano (Hesabu 5). Kulipa mara nne ilikuwa adhabu ya mwizi aliyeiba kondoo akamchinja au akamwuza (Kutoka 22). Zakayo alijihukumu kwa kipimo cha mwizi, na wala hakuna aliyekuwa amemshika mkono. Wokovu ulikuwa umeshaingia nyumbani mwake, fedha zilifuata.

Na papo hapo, wakiwa karibu na Yerusalemu, Yesu anasimulia habari za mtu kabaila aliyesafiri nchi ya mbali ili ajipatie ufalme na kurudi. Raia wake wakatuma ujumbe: "Hatumtaki huyu atutawale." Wasikilizaji lazima walimkumbuka Arkelao, ndugu yake Antipa, aliyekwenda Rumi kutafuta urithi wa baba yake, na ujumbe wa Wayahudi ukamfuata kumpinga. Lakini nadhani sentensi hiyo ya raia inaeleza dhambi vizuri kuliko vitabu vingi vya mafundisho. Chini ya uongo, uzinzi, ulafi na kiburi, kuna kauli hiyo moja.

Wengine watanijibu kwamba Yesu alimwambia Pilato, liwali wa Kirumi, "Ufalme wangu sio wa ulimwengu huu," kwa hiyo ufalme huu ni wa moyoni tu na haugusi mambo ya nje. Soma mstari mzima wa Yohana 18:36. Yesu anatoa ushahidi wa maneno yake: kama ungekuwa wa ulimwengu huu, watumishi wake wangempigania. Anazungumzia chimbuko la mamlaka yake na namna yanavyofanya kazi. Hakusema ufalme wake hauhusu dunia. Aliyefufuka alidai amepewa mamlaka yote "mbinguni na duniani." Na kwa kauli ile ile, kila aliyewahi kushika upanga kueneza ufalme wa Kristo, na katika karne zilizopita wamekuwa wengi, alikuwa anakanusha kwa mkono alichokiri kwa kinywa.

Watu wa Thesalonike walilielewa jambo hili vizuri kuliko baadhi yetu. Waliwashitaki Paulo na wenzake mbele ya wakubwa wa mji kwamba wanasema yuko mfalme mwingine, aitwaye Yesu. Polikarpo, askofu mzee wa Smirna, alipotakiwa katika karne ya pili amlaani Kristo ili aachiliwe, alisema amemtumikia miaka 86 bila kutendewa ubaya, basi amtukaneje Mfalme wake aliyemwokoa? Na mwaka 1925, enzi za Urusi, Ujerumani, Austria na Waosmani zikiwa zimeanguka moja baada ya nyingine na Mussolini akiwa ameshika madaraka Italia, Papa Pius wa 11 aliweka sikukuu ya Kristo Mfalme. Hata Mprotestanti anayeiona hiyo si kalenda yake anaweza kuelewa kwa nini ilitangazwa wakati huo.

Wapo wanaoliogopa neno mfalme, na hofu yao ina sababu. Wameona watawala. Yesu aliwaona pia: "wakuu wao huwatumikisha," alisema, na akaendelea kwamba Mwana wa Adamu alikuja kutumika na kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi. Taji lake la kwanza lilikuwa la miiba, na cheo chake kiliandikwa juu ya msalaba kwa Kiebrania, Kirumi na Kiyunani, kwa amri ya liwali aliyedhani anafanya mzaha. Mnyang'anyi aliyesulubiwa kando yake ndiye aliyechukulia maandishi yale kwa uzito. Alisema wao wanapokea malipo waliyostahili. Hiyo ni toba. Akasema, "Ee Yesu, nikumbuke utakapoingia katika ufalme wako"; hiyo ni imani, tena akimwambia mtu anayekata roho. Hakuwa na muda wa kurudisha chochote mara nne. Alijibiwa siku hiyo hiyo.

Ndiyo maana Petro mbele ya Baraza la Wayahudi alisema Mungu amemtukuza Yesu awe Mkuu na Mwokozi, "awape Israeli toba na msamaha wa dhambi" (Matendo 5:31). Toba yenyewe imewekwa kati ya zawadi za Mfalme. Anayengoja mpaka ajitengeneze ndipo aje, anangoja kitu ambacho hutolewa kwa wanaokuja. Na anayedhani alishamaliza siku ile alipookoka, asome hoja ya kwanza kati ya zile 95 za mwanamageuzi Martin Luther za mwaka 1517: Bwana wetu aliposema tubuni, alitaka maisha yote ya waaminio yawe toba.

Paulo alipohubiri Areopago, Athene, alisema kwamba Mungu sasa anawaagiza watu wote wa kila mahali watubu, kwa maana ameweka siku ya hukumu na mtu atakayehukumu, na amewathibitishia wote kwa kumfufua. Wengine walidhihaki. Baadhi waliamini, Dionisio na mwanamke mmoja aitwaye Damari wakiwamo. Kundi la tatu lilijibu kwa adabu: "Tutakusikiliza tena katika habari hiyo." Sura inayofuata inaanza kwa Paulo kuondoka Athene kwenda Korintho.