Chotara hanyonyoki manyoya kwa sababu ya mchanganyiko wa damu

Wafugaji wengi wa nyumbani wanaamini kwamba tetea aliyetokana na kuku wa kienyeji na jogoo wa kisasa hunyonyoka manyoya kwa sababu damu mbili zimechanganyika. Imani hiyo inaeleweka, kwani chotara mara nyingi hufugwa wengi katika banda dogo, na msongamano huleta kudonoana hadi manyoya yakang'oka.

Kinachorithiwa ni umbile. Kishingo, kwa mfano, huanguliwa akiwa na shingo tupu, na mzazi mmoja mwenye sifa hiyo anatosha kuipitisha kwa vifaranga. Tetea aliyekuwa na manyoya kamili kisha akayapoteza ana sababu nyingine, na ni vyema kuchunguza mahali palipo wazi kabla ya kumuuza au kumchinja. Mgongo ukiwa wazi, huku vishina vya manyoya yaliyokatika vikibaki, kwa kawaida ni jogoo anayempanda mno. Jogoo mmoja huwatosha matetea 10 hivi. Upara kuzunguka tundu la nyuma, pamoja na mayai meupe yaliyogandana kwenye mashina ya manyoya, ni dalili ya chawa. Utitiri mwekundu, yaani vidudu vidogo vinavyofyonza damu ya kuku, hujificha mchana, kwa hiyo mulika fito za kulalia kwa tochi usiku. Na ikiwa manyoya yanapukutika kuanzia kichwani na shingoni, utagaji umepungua, na vijiti vya manyoya mapya vinachomoza ngozini, kuku huyo anabadilisha manyoya, jambo ambalo humpata kuku mzima wa aina yoyote takriban kila mwaka; mwongezee dagaa katika chakula, kwa kuwa manyoya hujengwa kwa protini.