Mchungaji mwanamke si sista

Mtawa ni mtu aliyeweka nadhiri ya ufukara, useja na utii, akaishi na wenzake chini ya kanuni moja. Wa kike huitwa sista, wa kiume bruda, na kundi lao ndilo shirika la kitawa. Maana yenyewe haizidi hapo.

Kinachonikera ni kwamba hapa Kampala mchungaji wa kike, kola shingoni, pete ya ndoa kidoleni, mtoto mgongoni, bado anaitwa "Sista". Anaitwa hivyo msibani, anaitwa hivyo kliniki, anaitwa hivyo hata na mshereheshaji wa harusi aliyeandikiwa "Rev." waziwazi kwenye karatasi. Halafu mwambie mtu huyohuyo kuwa masista wa Kianglikana wapo, atakucheka: masista ni wa Wakatoliki bwana, sisi ni Waprotestanti.

Makosa haya mawili mzizi wake mmoja, nao ni kudhani utawa ni ngazi mojawapo ya upadri. Daraja la upadri, ndilo la mchungaji mwenye kola, hutolewa na askofu kwa kumwekea mtu mikono, na ndilo linalompa ruhusa ya kuongoza Meza ya Bwana. Nadhiri mtu huiweka mwenyewe. Ndiyo maana padri wa Kianglikana huoa, ila mtawa haoi hata akiwa Mwanglikana. Wapo walioshika yote mawili, kama Richard Meux Benson, aliyeanzisha Shirika la Mtakatifu Yohana Mwinjili kule Cowley, Oxford, mwaka 1866. Bruda asiye padri, basi, hakufeli seminari. Upadri hakuuomba.

Historia inalionyesha hili vizuri zaidi. Mfalme Henry wa Nane alizifunga nyumba za watawa kati ya 1536 na 1540, akatwaa mashamba yao, na kwa karne tatu hivi Kanisa la Uingereza likakaa bila mashirika. Aliyefungua njia tena ni mwanamke, Marian Rebecca Hughes, aliyeweka nadhiri Oxford mwaka 1841. Wanaume walifuata nyuma. Sasa piga hesabu: kanisa hilohilo liliwapa wanawake wa kwanza upadri mwaka 1994. Miaka 153 lilikuwa na masista bila kuwa na padri mwanamke hata mmoja! Kwetu Uganda ni kinyume. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi aliwapa wanawake upadri mwaka 1983, Waingereza wakiwa bado wanabishana, lakini mtawa wa Kianglikana kwetu ni adimu.

Uadimu huo tuliurithi. Wamisionari wa CMS, chama cha Kianglikana cha Uingereza, waliofika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1877 walikuwa watu wa Biblia na mahubiri, na kwao joho la mtawa lilinuka Roma. Zanzibar walikwenda Waanglikana wengine, wa chama cha UMCA, wenye ubani na maungamo kama ya Wakatoliki. Huko ndiko Askofu Frank Weston alikoanzisha shirika la masista mwaka 1911, lile la Mateso Matakatifu, na masista hao wakaja kulea shirika la Waafrika, Chama cha Mariamu Mtakatifu, lililoanzishwa mwaka 1946 na lenye makao Masasi. Weston huyohuyo, mwaka 1913, alimshtaki Askofu Willis wa Uganda pamoja na Peel wa Mombasa kwa uzushi, kisa wameshiriki Meza ya Bwana na Wapresbiteri na Wamethodisti kule Kikuyu, Kenya. Kwa ugomvi wa namna hiyo, usingetegemea masista wake wapokelewe kwa ngoma Namirembe, kwenye kanisa kuu la Waanglikana hapa Kampala. Wakatoliki nao walikuwa na shirika lao la masista, Bannabikira, kule Bwanda tangu 1910, kwa hiyo macho ya Mganda yakazoea shela la upande mmoja tu.

Tarehe 3 Juni moja, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, pale Namugongo, upande wa Waanglikana, nilimwona sista kutoka Tanzania kwenye foleni ya maji. Kijana wa ulinzi, kwa adabu zote, akamwonyesha njia ya kwenda kwa Wakatoliki. Sista alishukuru, akabaki kwenye foleni.

Basi, ndugu zangu, mwenye kola mwite Mchungaji, au Rev. kama mlivyozoea. Sista ni yule mwenye shirika, na ukitaka kujua ni wa kanisa gani, muulize shirika lake. Na kwa kuwa najua swali linalofuata: hapana, Umoja wa Akina Mama (Mothers' Union) wa kanisani kwetu si shirika la kitawa. Wale nadhiri yao ni ya ndoa.