Kugeuza wimbo kuwa 320 hakuongezi ubora

Wengi wanaamini kwamba faili ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde (kiasi cha data kinachobeba kila sekunde ya wimbo), ukiipitisha kwenye programu ikatoka na 320, sauti inakuwa safi zaidi. Si kweli. MP3 hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio halizinasi kwa urahisi, na kilichotupwa hakirudi. Programu haina pa kukitoa. Tena, kwa kuwa inaibana sauti upya, huweza kupunguza hata kile kilichobaki.

Kinachoongezeka ni uzito tu. Chukua taarabu ya dakika 15: kwa 128 ni takriban MB 14, kwa 320 ni MB 36. Kwenye kadi ya GB 8, nyimbo kama hizo zaidi ya 500 zinashuka hadi 220 hivi, na masikio hayajapata chochote. Inauma sana kuona mtu anafuta nyimbo za zamani ili apate nafasi ya faili zilizovimba bure.

Ukitaka ubora, rudi kwenye chanzo. CD halisi hubeba kilobiti 1,411 kwa sekunde. Toa humo nakala ya FLAC, yaani faili inayobana sauti bila kutupa chochote, uihifadhi kwenye kompyuta au diski ya nje, kisha kutokana na hiyo tengeneza MP3 za kutembea nazo. Kwa spika za masikioni za kawaida ndani ya daladala, 192 inatosha kabisa. Na kama wimbo ulikufikia ukiwa 128 na CD yake haipatikani, uache ulivyo.